Riba Iliyofungwa Siku Mbaya: Kisa cha Mkopo wa Nyumba Columbus, 2023

Alhamisi ya Oktoba 26, 2023, dada yangu na shemeji walifunga riba ya mkopo wa nyumba yao ya kwanza hapa Columbus, Ohio. Yaani mkopeshaji aliahidi kuwashikia kiwango hicho kisibadilike hadi kufuli liishe: asilimia 7.75, siku 45, bila pointi (ada ya hiari ya kushusha riba). Siku hiyohiyo Freddie Mac, taasisi ambayo kila Alhamisi hutoa wastani wa riba za mikopo ya miaka 30 kwa Marekani nzima, ilitoa namba ya wiki: asilimia 7.79. Tangu mwaka 2000 haikuwahi kufika hapo, na wiki iliyofuata ilianza kushuka. Kati ya Alhamisi zote za miaka ishirini na kitu, wao walifunga kufuli kwenye ile iliyo juu kuliko zote.

Walisaini Desemba 8 kwa asilimia 7.125. Nikiwasimulia watu wa kwetu, swali huwa lilelile: "Kwani riba ukishaifunga, inafunguka?" Haifunguki yenyewe. Soko lilishuka wiki tano mfululizo na riba yao haikusogea hata kidogo mpaka walipoomba, tena kwa maandishi, tena kabla ya tarehe fulani. Namna walivyoomba ndiyo kisa chenyewe.

Mkopo ulikuwa hivi. Bei ya nyumba dola 300,000, kianzio asilimia 10, mkopo dola 270,000, miaka 30, riba isiyobadilika. Mkopo wa kawaida, si ule wa FHA wenye bima ya serikali. Kwa 7.75 marejesho ya mtaji na riba peke yake yalikuwa dola 1,934 kwa mwezi, kabla hujagusa kodi ya mali, bima ya nyumba, na ile bima ya mkopo anayotozwa mtu aliyeweka kianzio chini ya asilimia 20. Arabuni ya dola 3,000 ilishakaa kwa kampuni ya hati, ile inayoshughulikia hati za umiliki na kushika fedha hadi siku ya kusaini. Siku ya kusaini ilipangwa Ijumaa, Desemba 8. Kufuli lilikuwa linaisha Jumapili, Desemba 10. Siku mbili tu za ziada, na hizo zenyewe ni za wikiendi.

Kufuli linafunga nani

Dada alikuwa amelielewa kufuli kama mwavuli: mvua ikija anaufungua, jua likitoka anaukunja. Katikati ya Novemba, mwenzake kazini alipomwambia riba zimeshuka, alimpigia afisa mikopo akiwa na furaha kabisa, akauliza riba yake mpya ni ngapi. Akajibiwa kwa upole kwamba riba yake ni 7.75. Akanipigia mimi. "Mdogo wangu, hawa watu wakipandisha ni haraka, kushusha hawataki."

Inaonekana kama uchoyo, lakini kuna hesabu nyuma yake, na asiyeijua hesabu hiyo hajui pa kubonyeza. Mkopeshaji akishakuahidi 7.75 hakai miezi miwili akiomba Mungu riba zisipande. Siku hiyo au kesho yake anauza mapema, kwenye soko la dhamana za mikopo ya nyumba, ahadi ya kupeleka mikopo ya namna yako kwa bei iliyokwisha kupangwa. Riba zikipanda, mkopo wako unapungua thamani lakini ile ahadi aliyoiuza inamfidia. Riba zikishuka, mkopo wako unapanda thamani na ile ahadi inamla. Kwa hiyo zikishuka hana faida aliyoificha kabatini akugawie. Ukimwambia akushushie, unamwomba atoe mfukoni.

Ila kuna jambo moja linalomuuma kuliko kukushushia, nalo ni wewe kuondoka. Ukienda kwa mwingine, anabaki na hasara ya ahadi bila mkopo wa kuifidia. Ndiyo sababu wakopeshaji wengi wana utaratibu wa kushusha riba iliyofungwa, ingawa afisa mikopo mara nyingi hautaji mpaka aulizwe. Wengine wanauandika kwenye hati ya kufuli, wengine wanao kama sera ya ndani tu, na wengine hawana kabisa. Swali la kuuliza kabla ya kufunga lilikuwa hilo. Dada hakuliuliza. Kwa bahati jibu lilikuwa limeandikwa.

Ukurasa wa tatu

Nilimwomba anitumie kila karatasi aliyosaini Oktoba 26. Kwenye ukurasa wa tatu wa hati ya kufuli, kwa herufi za kusomea na miwani, kulikuwa na aya moja. Mkopaji anaweza kuomba kushushiwa riba mara moja tu. Riba ya mkopeshaji ya siku hiyo, kwa mkopo unaofanana na wake, iwe imeshuka angalau asilimia 0.375 chini ya iliyofungwa. Ombi lifike si chini ya siku sita za kazi kabla ya kusaini. Atapewa riba ya siku hiyo ukiongeza 0.125, na atalipa ada ya robo asilimia ya mkopo, kwao dola 675.

Kila mkopeshaji ana masharti yake, kwa hiyo mtu asizichukue namba hizi kama sheria. Lakini viungo vyake utakutana navyo karibu kila mahali: kiwango cha chini cha kushuka, idadi ya mara, tarehe ya mwisho, na bei ya kuomba.

Kiungo kilichotuchanganya zaidi ni kipimo. Shemeji alikuwa akifuata namba za Freddie Mac kama mtu anayefuata ligi, na kila Alhamisi ananitumia ujumbe. Novemba 2 ilikuwa 7.76. Novemba 9, 7.50. Novemba 16, 7.44. Akasema tayari imeshuka. Lakini hati haikusema chochote kuhusu Freddie Mac, ilisema riba ya mkopeshaji huyu, kwa mkopo kama huu, siku hii. Wastani wa Freddie Mac unajengwa juu ya watu wenye kianzio cha asilimia 20 na rekodi nzuri sana ya mikopo, nao walikuwa na 10. Namba ya gazetini inakuambia upepo unavuma kutoka wapi. Bei yako iko kwenye karatasi ya afisa mikopo, orodha ya riba za mkopeshaji za siku hiyo, na hubadilika kila siku ya kazi, siku nyingine mara mbili.

Hapa pana kosa jingine ambalo hata mimi nililibeba mwanzoni, kwamba riba za nyumba zinasubiri benki kuu, Fed. Katika wiki hizo zote Fed haikupunguza hata chembe. Riba yake ilikaa kati ya 5.25 na 5.50 tangu Julai. Kilichosogea ni hati fungani za serikali za miaka 10. Oktoba 23 zilikuwa zimegusa asilimia 5. Novemba 1 Wizara ya Fedha ikasema haitaongeza mauzo ya hati za muda mrefu kwa kiasi ambacho soko lilikuwa linakihofia, na siku hiyohiyo Fed ikaacha riba yake ilipo. Novemba 14 mfumuko wa bei wa Oktoba ukatoka asilimia 3.2, kutoka 3.7 ya Septemba. Riba za nyumba zikafuata hizo hati fungani chini.

Kuomba lini, maana ni mara moja

Novemba 15 karatasi ya mkopeshaji ilisoma 7.375 kwa mkopo wao. Sharti la 0.375 limetimia, sawasawa, bila ziada. Wakiomba siku ile wangepata 7.50, marejesho ya dola 1,888, yaani nafuu ya dola 46 kwa mwezi. Ada ya 675 ingejilipa baada ya miezi kumi na mitano hivi.

Dada alitaka kuchukua. Shemeji alitaka kungoja. Ndoa nyingi nzuri zimepimwa kwa mambo madogo kuliko haya.

Ugumu ni kwamba wakati ule walikuwa ukingoni. Karatasi ikipanda ngazi moja tu, hadi 7.50, haki yenyewe inapotea na wanabaki na 7.75. Ikishuka ngazi moja, wanapata nafasi ya kupumua. Nilimwambia dada angoje siku chache, na nakiri ulikuwa ushauri wa kubahatisha uliovaa suti. Hoja yangu ilikuwa kwamba kinachopotea tukikosea ni dola 46 kwa mwezi, na siku za kungoja zipo. Asiyeweza kulala kwa ajili ya dola 46 angechukua palepale, wala asingekuwa amekosea.

Novemba 17 karatasi ikasoma 7.25. Sasa tulikuwa na ngazi moja ya akiba, na hapo kungoja kukawa na mantiki kidogo. Tuliweka kanuni: ikirudi 7.375, tunaomba saa hiyohiyo. Isiporudi, tunaomba Jumatano, Novemba 29, siku moja kabla ya mwisho wa kuomba. Siku hiyo moja niliiacha makusudi. Ombi linalofika saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho linaweza kusomwa kesho yake.

Karatasi ya mkopeshaji wa pili

Wakati tunangoja, dada alipeleka maombi kwa chama cha akiba na mikopo ambacho ni mwanachama kupitia kazini. Shemeji aliogopa kwamba kuulizwa tena rekodi ya mikopo kutashusha alama zao, zile namba zinazopima uaminifu wa mtu katika kulipa madeni. Maulizo ya mkopo wa nyumba yakifanyika ndani ya siku 45 huhesabiwa kama ulizo moja, na ulizo la kwanza lilikuwa la katikati ya Oktoba. Tulikuwa bado ndani.

Sheria inamtaka mkopeshaji atoe Makadirio ya Mkopo, fomu ya kurasa tatu iliyo sawa nchi nzima, ndani ya siku tatu za kazi tangu apokee maombi. Ikaja: 7.125, bila pointi. Nilimwonyesha dada mahali pa kulinganisha, maana jumla ya chini inadanganya. Kodi ya mali na bima ya nyumba anazikisia kila mkopeshaji kivyake, na anayekisia kidogo anaonekana wa bei nafuu. Linganisha sehemu A ya ukurasa wa pili, gharama za mkopeshaji mwenyewe, na pointi kama zipo. Kisha rudi ukurasa wa kwanza, juu kulia, uone kama riba hiyo imefungwa au inaelea, yaani bado inaweza kubadilika. Ya chama ilikuwa inaelea.

Je, wangehama? Nilipiga hesabu kwa dhati, kwa sababu kitisho usichoweza kukitimiza hujulikana haraka. Uthamini mpya ungegharimu dola 575 na kuchukua wiki mbili. Ule wa kwanza walikuwa na nakala yake, kwa kuwa sheria inawapa haki ya kuipata, lakini kuwa na nakala hakumlazimishi mkopeshaji mpya kuukubali. Hapa waliochukua mkopo wa FHA wana unafuu: uthamini umefungamana na namba ya jalada la FHA, na ukihama namba hiyo huhamishwa pamoja nao. Wao hawakuwa huko. Baya zaidi, muda wa kujitoa kwenye mkataba kwa sababu ya mkopo ulikwisha Novemba 17, na muuzaji alishanunua kwingine, anahesabu siku. Kuhama kungesogeza kusaini hadi karibu na Krismasi na kuiweka arabuni rehani.

Kwa hiyo kuhama ilikuwa inawezekana, lakini haipendezi. Afisa mikopo naye alijua nusu yake tu. Dada aliandika barua pepe fupi, bila ukali, akaambatisha yale Makadirio: amepata 7.125, angependa kubaki kwa sababu kazi imeshafika mbali, anaomba kujua wanaweza kufanya nini. Jibu lilichukua siku mbili. Ile 0.125 ya kuongeza hawakuitoa. Ada ya dola 675 waliifuta.

Shemeji aliona ni ushindi mdogo. Mimi niliona barua pepe ya mistari minne iliyolipa dola 675, na sijawahi kuandika barua ya bei hiyo.

Kadi ya tiketi za Dar

Nikifikiria nyuma, sehemu iliyokuwa rahisi kuliko zote ndiyo iliyochelewa kuliko zote, na haikuhusiana na soko hata kidogo.

Alama za dada zilikuwa 752, za shemeji 718. Kwenye mkopo wa kawaida wa watu wawili, bei ya mkopo, yaani riba na ada zake, hupangwa kwa alama za yule wa chini. Tena jedwali la bei linapanda kwa ngazi za alama ishirini ishirini: 700 hadi 719, 720 hadi 739, 740 hadi 759, na kuendelea. Shemeji alikuwa ngazi mbili chini ya mkewe, na mkopo mzima ulikuwa unalipa bei ya ngazi yake. Kumwacha nje ya mkopo haikuwezekana, kipato cha dada peke yake hakikutosha.

Kilichomshusha ni kadi moja. Julai alikata tiketi za familia kwenda Dar, akaacha deni la dola 2,600 kwenye kadi yenye kikomo cha 3,000. Hajawahi kuchelewa kulipa hata mwezi mmoja, lakini kadi iliyojaa hivyo inahesabika kama mtu anayehema. Fedha za kuipunguza zilikuwepo: zamu yake kwenye upatu wa wenzake ilikuwa Novemba. Akalipa dola 2,300 moja kwa moja kwenye kadi, hakuzipitisha kwenye akaunti ya kianzio. Hilo nililisisitiza, kwa sababu mchambuzi wa mkopo akiona fedha za upatu zimeingia kwenye akaunti ya kununulia nyumba ataziulizia chanzo, na kumweleza Mmarekani upatu ni nini, kwamba si zawadi, si mshahara wala si mkopo, ni kazi ya wiki nzima.

Kwa kawaida kadi huripoti mara moja kwa mwezi. Lakini mkopeshaji anaweza kuomba rekodi isasishwe haraka kwa kupeleka uthibitisho wa malipo. Mkopaji hawezi kuliomba mwenyewe, lazima apitie kwake. Afisa mikopo alilijua hili tangu Oktoba na hakulitaja. Alipoulizwa akasema, "Ndiyo, tunaweza." Novemba 27 shemeji alikuwa na 742.

Kwa kuwa ombi la kushusha riba lilikuwa mezani, mkopeshaji alikubali kupanga bei upya kwa alama mpya. Tofauti ya ngazi ilikuwa nusu asilimia ya mkopo, dola 1,350, na waliigeuza kuwa riba: 0.125 nyingine chini. Novemba 29 karatasi ilisoma 7.125, ongeza 0.125 ya sharti, 7.25; toa 0.125 ya alama, 7.125. Marejesho dola 1,819. Dola 115 chini ya pale walipoanzia, kila mwezi.

Kama kadi ingelipwa kabla ya Oktoba 26, nafuu hiyo wangeipata bila kumbembeleza mtu. Kuna jingine la kuuliza mapema: tangu Desemba 2022, mnunuzi wa mara ya kwanza ambaye kipato kinachotumika kwenye mkopo hakizidi kipato cha kati cha eneo lake huondolewa hizo ada za ngazi kabisa kwenye mikopo inayonunuliwa na Fannie Mae na Freddie Mac, taasisi mbili zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji. Wao wawili pamoja walizidi. Nawajua wengine hapahapa mjini ambao hawakuzidi na hawakuuliza.

Dola 4,500 za muuzaji

Mkaguzi wa nyumba alikuwa ameikuta hita ya nyumba imezeeka. Muuzaji hakutaka kuibadilisha, akakubali kutoa dola 4,500 kwenye gharama za kusaini. Kwa kianzio cha asilimia 10 mchango wa muuzaji unaruhusiwa hadi asilimia 6, kwa hiyo hakukuwa na tatizo la kikomo. Sharti lililobaki ni kwamba fedha hizo hazipewi mnunuzi mkononi. Zikizidi gharama halisi, kinachozidi kinapotea.

Dada alitaka kununua pointi. Pointi moja ni asilimia moja ya mkopo, dola 2,700, na kwa mkopeshaji wao ilishusha riba kwa robo, hadi 6.875. Nafuu yake dola 45 kwa mwezi. Inachukua miaka mitano kurudisha fedha, na mtu aliyefunga karibu na kilele ana kila sababu ya kutegemea atabadilisha mkopo, yaani kuchukua mpya wa riba ndogo wa kulipia ule wa zamani, kabla ya miaka mitano. Akibadilisha, pointi zimekwenda.

Shemeji alitaka ule mpango wa kushusha kwa muda: mwaka wa kwanza riba inasomeka asilimia mbili chini, mwaka wa pili asilimia moja chini, wa tatu inarudi 7.125. Unapendeza kwa macho, maana mwaka wa kwanza marejesho yangekuwa dola 1,470. Lakini hakuna sihiri humo. Tofauti yote ya miaka miwili inawekwa akiba siku ya kusaini na kuchotwa kila mwezi, na kwao ilikuwa dola 6,329. Muuzaji alitoa 4,500. Una sifa moja ambayo pointi hazina: ukibadilisha mkopo katikati, kilichobaki kwenye akiba kinapunguza deni lako. Ungekuwa chaguo langu kama muuzaji angelipa wote.

Zote 4,500 ziliingia kwenye gharama za kusaini. Akiba yao wenyewe ikabaki kwa kiasi hicho benki, na hita ikabadilishwa Februari. Ohio mwezi wa pili si mahali pa kujisifia kwamba una pointi.

Baada ya kalamu

Hesabu ya Mwisho, ile karatasi ya kurasa tano ambayo lazima imfikie mkopaji siku tatu za kazi kabla ya kusaini, ilifika Jumatatu, Desemba 4. Ilisema 7.25. Mtu fulani alisahau kuingiza alama mpya. Dada aliiona kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, akapiga simu, ikasahihishwa kesho yake. Kwa kuwa gharama ilikuwa inashuka, zile siku tatu za kusubiri hazikulazimika kuanza upya.

Ijumaa wakasaini. Siku moja kabla, wastani wa Freddie Mac ulikuwa 7.03. Jumatano iliyofuata, Desemba 13, Fed ikaacha tena riba yake ilipo lakini ikaonyesha kwamba inatarajia kuipunguza mwaka 2024. Desemba 14 wastani ukawa 6.95. Desemba 21, 6.67.

Simu ya shemeji niliitegemea. "Shemeji, kumbe tungesogeza wiki mbili tu." Nikamweleza kwamba kufuli lingekufa Desemba 10, na kwamba mkopeshaji yule, kama wengi, ukiliacha life ukarudi kwake ndani ya mwezi anakupa riba mbaya zaidi kati ya mbili: ya zamani au ya siku hiyo. Utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya wenye wazo kama lake. Kulirefusha kungekuwa na ada yake, na riba ingebaki ileile kwa sababu haki ya kushushiwa ilishatumika. Na muuzaji, je? Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hita inaweza kungoja hadi mwezi wa tatu.

Septemba 26, 2024, wastani ulishuka hadi 6.08, na dada akaanza kukusanya karatasi za kubadilisha mkopo. Safari hii aliuliza kuhusu kufuli kabla ya kuuliza riba. Shemeji akasema Fed ndiyo kwanza imeanza kupunguza, nusu asilimia nzima wiki iliyopita, wangoje ifike 5. Oktoba 31 ilikuwa 6.72.